Mkeka Mweupe wa Bibi Harusi

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, wala sivilaumu. Vilisuka nikiwa mtoto, vikasuka nikiwa mwari, vikasuka nikiwa na mimba, vikasuka siku chache tu baada ya kujifungua kwa sababu mama yangu alisema mikono haikuzaa. Ndivyo alivyokuwa mama. Nayasema haya nikiwa nimechoka, na nimechoka tangu zamani, asije mtu akadhani ni uzee ndio ulionifanya hivi.

Tulikaa Dunda, Bagamoyo, nyumba ya udongo yenye ua mkubwa nyuma. Kila baada ya swala ya alasiri wanawake wa mtaa walikuja uani kwetu kusuka, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa bingwa na hapakuwa na wa kumbishia. Kwa asiyejua, ukindu ni majani ya mkindu, mti unaoota mabondeni. Yetu yalitoka mabonde ya upande wa Kerege, yakiletwa kichwani matita kwa matita. Unayaanika mpaka yawe meupe, unayachana chane nyembamba, nusu unayachemsha na rangi na nusu unayaacha yalivyo. Kisha unasuka utepe mrefu wa upana wa vidole vinne. Huo ndio ukili. Ukishapata ukili mrefu wa kutosha unaukata vipande, unavishona ubavu kwa ubavu, ndipo unapata mkeka.

Urembo wote wa mkeka ulikuwa katika rangi. Nyekundu na kijani, zambarau na nyeusi, na nyeupe kidogo hapa na pale ili zile nyingine zionekane. Mkeka usiotiwa rangi kabisa nao ulikuwa na kazi yake. Mtu akifa alilazwa juu ya mkeka mweupe, akabebwa nao mpaka makaburini. Kila nyumba ilikuwa na mmoja, umeviringishwa mahali pasipoonekana, na hakuna aliyeutaja mpaka siku yake ifike. Hayo niliyajua tangu utotoni. Sitaki mtu aseme sikuyajua.

Siku moja nilikuwa nimekaa uani na chane zangu mapajani, jua limeshapinda, naanza ukili mpya. Nikaona jambo ambalo nadhani kila msukaji huliona na kulipuuza. Jani la ukindu lina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Sisi sote tulifundishwa kusuka uso ukiwa juu wakati wote, na aliyegeuza jani alipigwa kofi la mkono akaambiwa afumue. Mimi siku ile nikageuza moja kwa makusudi, nikageuza la pili, nikaacha mawili, nikageuza tena. Ukili ulipofika urefu wa mkono nikauinamisha kwenye jua, na mle ndani ya weupe nikaona mistari inatembea. Nyeupe ndani ya nyeupe. Ukiusogeza kidogo inapotea, ukiurudisha inakuja. Nimezaa watoto watano na nawapenda wote, lakini nasema kweli, sikuwahi kufurahi vile.

Nikampelekea mama. Aliupima kwa kidole gumba, akauvuta kuona kama umekaza, akanirudishia.

"Umesahau kutia rangi," akasema.

"Sikusahau, mama. Tazama vizuri."

"Nimetazama. Nani amekufa?"

Wanawake waliokuwapo uani wakacheka mpaka wengine wakaweka kazi chini. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, kila nilipopita sokoni niliulizwa maiti wangu hajambo. Mume wangu naye, mtu mpole aliyeshinda shambani kwenye minazi yake, akanijia jioni amenuna. Aliniambia kama nimekosa hela ya rangi nimwambie yeye, nisimtangaze mtaani kuwa hawezi kumnunulia mkewe kikopo cha unga wa rangi dukani kwa Mhindi. Nilimweleza. Nilichukua ule ukili nikamwonyesha mchoro. Akautazama akiwa amesimama gizani mlangoni, akasema, "Haya," kwa sauti ile wanayotumia wanaume wakitaka chakula.

Niliuweka. Nikaendelea na nyekundu na kijani zangu, kwa sababu mikeka ile ndiyo iliyouzwa. Kisha vikaja vile vita vikuu vya pili, na rangi ikaadimika madukani kama ilivyoadimika nguo. Wanawake wote wa Bagamoyo wakawa wanasuka mikeka myeupe, au wanachemsha magome ya mkoko wapate wekundu uliofubaa. Mjinga mimi nikafurahi. Nikasema sasa macho yao yatazoea weupe, sasa wataniuliza ule mchoro wangu unafanywaje. Hakuna aliyeuliza. Walisuka weupe kwa kununa, wakaulalia kwa kununa, na vita vilipokwisha na vile vikopo vikarudi dukani, walitia rangi kwa hamu mpaka mikeka ikawa inaumiza macho. Tangu hapo mkeka mweupe ukawa na ubaya wa pili juu ya ule wa kwanza. Ulikuwa wa maiti, na sasa ulikuwa wa dhiki.

Basi ni katika miaka hiyo ndipo mtoto wa kaka yangu aliposwa. Kaka alikuwa amehamia Miono akilima, akaoa hukohuko, na huyu ndiye binti yake wa kwanza. Nilimlea miaka miwili alipoachishwa ziwa, nikimbeba mgongoni huku nasuka, na alijua kulala akisikia ukindu unavyokwaruza. Kwetu mkeka wa chumbani kwa bibi harusi huletwa na shangazi yake. Haukopwi wala haununuliwi, shangazi ausuke kwa mikono yake, na kabla haujaingizwa chumbani utandazwe uani wanawake wote wauone. Mkeka wa shangazi ndiyo kauli yake juu ya yule mtoto. Nami nilikuwa na kauli moja tu.

Nilisuka ule mkeka misimu mitatu ya mvua. Kwenye pindo niliweka vijumba vidogo vilivyobanana, kisha kadiri unavyoingia ndani vinalegea, vinafunguka, mpaka katikati inakuwa kama mikunjo ya mchanga maji yanapotoka ufukweni. Nilifumua zaidi ya nilivyosuka. Mume wangu aliacha kuuliza. Mama hakuacha kwa maneno, aliacha kwa mwili: alihamisha kibao chake akakaa amenipa mgongo, akasuka mchana kutwa akitazama ukuta. Wale wengine wakamfuata. Nikawa nasuka peke yangu na migongo ya watu.

"Utampelekea mtoto wa watu huo?" mama aliniuliza siku nilipokuwa nashona kipande cha mwisho.

"Si mtoto wa watu. Ni mtoto wa mwanao."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikakaza uzi nikaukata kwa meno.

Mama alitangulia Miono siku mbili kabla, kusaidia jikoni. Mimi nilipanda lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua pamba, mkeka nimeupakata kama mtoto mgonjwa, nikafika jua likiwa bado halijafika utosini. Wifi yangu, mama wa bibi harusi, alinipokea vizuri. Alinipa maji, akaniuliza habari za njiani na za nyumbani na za minazi. Kisha akaniambia, "Pumzika kwanza, wifi. Mikeka tutaitandaza alasiri, wakija na wale wa upande wa mume."

Nilipaswa kupumzika. Laiti ningepumzika. Lakini nilikuwa nimeubeba ule mkeka moyoni miaka, na mapajani tangu alfajiri, na nilikuwa na ile hasira ya mtu aliyechekwa sana. Nikasema, "Nitapumzika nikishautandaza." Wifi akacheka, akaita watu. Vigelegele vikapigwa. Wanawake wakatoka jikoni wakipangusa mikono kwenye kanga, wakafanya duara. Mama yangu alikuwa kando ya mlango, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

Nikaufungua mkeka katikati ya ua, kwenye adhuhuri, jua limesimama wima juu ya vichwa vyetu. Na mkeka ukalala pale mweupe mtupu.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Nilitazama chini nisielewe. Mistari haikuwapo. Vijumba havikuwapo. Misimu mitatu ya mvua haikuwapo, ilikuwapo nguo kubwa nyeupe ya majani, imetandazwa uani siku ya harusi. Mwanamke mmoja mtu mzima akavuta kanga yake mdomoni. Mwingine akasema neno la Kikwere ambalo sitalirudia. Wifi yangu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema polepole, mbele ya watu wote, "Wifi, mimi na mwanangu tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Inameni mtazame, una urembo ndani."

"Nimeshauona."

"Inama, wifi. Tazama kwa upande."

"Nimesema nimeshauona. Huu ni mkeka wa maiti, umemletea mwanangu akalale na mumewe juu yake."

Nikamgeukia mama. Alikuwa msukaji kuliko wote waliokuwa pale, na neno lake moja lingetosha. Aliinua kichwa, akautazama mkeka, akarudi kwenye nazi yake. Nikasikia ile mbuzi ikikwaruza, krr, krr.

Somo wa bibi harusi, kungwi wake, ndiye aliyeuviringisha, kwa ncha za vidole, akaupeleka nyuma ya jiko akauegemeza ukutani. Mkeka mwingine ukaletwa kutoka kwa jirani, mwekundu na kijani, na vigelegele vikaanza upya kwa bidii ya watu wanaotaka kusahau. Yule mtoto alikuwa ndani, na habari zilimfikia kabla sijafika mlangoni kwake. Sikuruhusiwa kuingia. Nilimsikia analia.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko na mkeka wangu. Nilikaa pale mpaka wakaswali alasiri, na jua likashuka likapenya kati ya migomba. Sijui kwa nini niliufungua. Nilifungua kipande kidogo tu, na mistari yote ikawa pale, wazi, hata mtu mwenye makengeza angeiona. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Miaka yote nilisuka baada ya alasiri, jua likiwa limepinda, na kila nilipoutazama ulinionyesha uso wake. Sikuwahi hata siku moja kuufungua adhuhuri. Niliukimbilia mchana ule mwenyewe, kwa kiburi changu, nikakataa kupumzika.

Watu walikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningeweza kuwaita. Nilinyanyuka kabisa, nikasimama, nikaweka mkono kwenye mkeka ili niubebe. Kisha nikafikiria zile nyuso, na kuanza upya kusema inameni, tazameni, na wifi yangu kuinama kwa ajili ya adabu na kuinuka akisema haya. Nikakaa. Nikauviringisha. Kama kuna jambo la kujutia maishani mwangu basi ni hilo, si ile adhuhuri. Ile ilikuwa ujinga. Hili lilikuwa uchovu tu.

Baada ya hapo niliishi kama watu. Nilisuka nyekundu na kijani, na nikasuka vizuri kwa sababu nilijua kusuka, na walinisifu. Kwa harusi sikuitwa tena, watu walipitisha oda zao kwa mama. Yule mtoto wa kaka alizaa wawili kabla hajaanza kuniamkia tena akinitazama usoni, na hata hivyo alisema "Shikamoo, shangazi" kama anaweka sahani chini asiivunje. Mkeka niliutia darini. Watu walidhani nimeutupa. Mimi sikuamini hata siku moja kwamba nilikosea mkeka, nilikosea saa. Lakini imani ya namna hiyo, ukiwa nayo peke yako miaka na miaka, haikupi nguvu yoyote. Ni mzigo mwingine tu wa kuamka nao.

Mama alianza kuugua miguu, kisha mwili mzima. Alilala ukumbini na mimi nikamhudumia, kumwogesha, kumgeuza, kumnywesha uji wa mchele kwa kijiko. Alikuwa mgonjwa msumbufu, alisema uji una chumvi, kisha hauna chumvi. Asubuhi moja nilikuwa nampoozea akasema, bila kunitazama:

"Ukili wa tisa."

Nikadhani anaweweseka. "Ukili gani, mama?"

"Wa tisa, ukihesabu kutoka pindo la kushoto. Karibu na katikati. Uligeuza jani moja ambalo halikutakiwa kugeuzwa. Mkunjo mmoja umekatika."

Nikarudisha kijiko bakulini. Kosa lile nililigundua kazi imekwisha kushonwa, nikashindwa kufumua, nikaliacha. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia. Ni jani moja katika maelfu, na hulioni mpaka uwe umeutazama mkeka ule kipande kwa kipande, mara nyingi, tena jioni, jua likiwa limepinda.

"Uliuona lini?" nikamuuliza.

"Siku nyingi. Ukienda kisimani nilikuwa naushusha. Na siku ile ya Miono niliuona. Nilikuwa nimekaa chini, kwenye mbuzi. Kwa chini unaonekana hata adhuhuri."

"Uliuona siku ile."

"Wote. Ulikuwa mzuri mno."

Niliweka bakuli chini. "Kwa nini hukusema, mama? Neno moja tu."

"Wangesema mama na binti wote wamerukwa na akili. Nikaona afadhali awe mmoja." Kisha akasema uji umepoa sana, hauliki.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilitoka uani nikakaa kwenye kibao chake mwenyewe, nikalia kwa hasira mpaka pua ikaziba. Kwa miaka ile yote nilidhani niko peke yangu kwa sababu hakuna aliyeona. Kumbe aliyeona alikuwapo, amekaa hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo. Kisha nikaingia nikapasha uji moto, kwa kuwa alikuwa hajala. Hatukulizungumza tena. Mpaka leo watu wakiniuliza kama nilimsamehe nawaambia nilimwogesha kila siku.

Alikufa siku tisa baadaye, asubuhi, kwa utulivu. Kaka na mkewe walifika kutoka Miono, na yule binti yao pamoja nao. Wanawake wakajaa, maji yakatekwa, sanda ikakatwa, na nilipokwenda kuutoa mkeka mweupe wa nyumba, ule wa siku hiyo, nikakuta panya wameula pindo mpaka katikati. Nikasimama nao mlangoni. Wifi yangu akauona. Hakuwa na ubaya moyoni siku ile, alikuwa amelia kweli, macho yamemvimba. Akasema kwa upole, kama anayetaka kunisaidia:

"Si upo ule wako, wifi? Ule mweupe. Hukuutupa, najua. Mama mwenyewe aliniambia uko darini."

Wote wakanitazama. Nilijua wanachofikiri, na halikuwa jambo baya. Kwamba hatimaye mkeka umepata kazi yake, na mimi nimepata njia ya kuutoa kwa heshima, na yale ya Miono yatazikwa pamoja na mama. Hata mama mwenyewe asingekataa. Yeye peke yake kati ya wote angejua amelazwa juu ya nini. Nilihisi uzito wa kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi sana, na mimi nilikuwa nimechoka mno.

"Ule si wa maiti," nikasema. "Ule ni wa harusi."

Yule binti wa wifi, mwanamke mzima sasa mwenye mtoto begani, alinitazama usoni kwa muda mrefu, na mimi sikuepusha macho. Baadaye wapo waliosema nimemnyima mama yangu mkeka wa kumbebea, na waseme.

Mtu akatumwa kwa jirani, mkeka ukaletwa, mama akalazwa juu yake akaenda. Mkeka wa maiti ukiazimwa haurudishwi, unasukwa mwingine badala yake. Kwa hiyo kabla ya arobaini nilikuwa nimeshamsukia jirani wa kwake, nimekaa uani jua likiwa limepinda, mweupe mtupu, majani yote uso juu.